Kivuli kwa Hisani ya Wadhamini

Mwezi Mei 2023, maofisa wa usafiri wa jiji la Los Angeles waliwaita waandishi wa habari kwenye kituo kimoja cha basi eneo la Westlake kuwaonyesha bamba la chuma. Lilikuwa jembamba, refu kama mlango uliokatwa kwa urefu, lenye matundu, limepakwa rangi ya samawati inayoelekea kijani, na limefungwa kwenye nguzo ileile iliyobeba kibao cha kituo. Walilipa jina la Kihispania, La Sombrita, yaani kivuli kidogo. Mchana lilimkinga jua mtu mmoja, labda wawili wakibanana. Usiku lilikuwa na kitaa cha umeme wa jua. Halikuwa na benchi wala paa. Picha ya wakubwa waliojipanga kulitazama ikaenea mitandaoni, na watu wakacheka mpaka wakachoka.

Sikucheka sana, kwa sababu niliwafahamu waliolibuni. Kounkuey Design Initiative ni shirika ambalo msomaji wa Nairobi huenda amewahi kupita kwenye kazi zake bila kujua: kazi zake za awali, kuanzia mwaka 2006, zilikuwa Kibera, ambako limejenga pamoja na wakazi viwanja vya jamii kandokando ya Mto Ngong. Watu waliowahi kujenga kwenye kingo za mto unaofurika, katika mtaa usio na hatimiliki, hawawezi kushindwa na kibanda cha abiria. Kilichowabana Los Angeles ni karatasi. Kibanda kamili kinataka msingi uchimbwe, mabomba na nyaya za chini ya ardhi zikaguliwe, umeme uvutwe, njia ya waenda kwa miguu ibakie na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu, na idara moja baada ya nyingine itie saini. Bamba linalofungwa kwenye nguzo iliyokwisha kusimama halitaki hayo yote. Lilikuwa jaribio, vipande vinne tu, lililotokana na utafiti kuhusu namna wanawake wanavyosafiri jijini humo. Waliocheka walilicheka jawabu, na wachache sana waliuliza swali lenyewe: jiji lenye utajiri ule, lenye jua lile, lenye vituo vya basi karibu 8,000, lilifikaje mahali ambapo vituo vyenye kibanda havifiki hata robo?

Lilifika huko kwa mkataba. Kwa miaka 20 jiji liliwaachia wauza matangazo kazi ya kutafuta kivuli cha abiria.

Wazo lenyewe si la Marekani. Alilianzisha Mfaransa, Jean-Claude Decaux, aliyekuwa akiuza mabango ya kando ya barabara kuu mpaka serikali ya Ufaransa ilipoyatwisha kodi nzito miaka ya mwanzo ya 1960. Biashara ikawa imekufa mikononi mwake. Mwaka 1964 alikwenda kwa meya wa Lyon, Louis Pradel, na ofa ambayo ni vigumu kwa meya yeyote kuikataa: nitakujengea vibanda vya abiria, nitaviosha, nitavitengeneza vikivunjika, na hutatoa senti hata moja. Ninachotaka ni ukuta mmoja wa kila kibanda niweke matangazo. Leo kampuni iliyobeba jina lake ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika matangazo ya barabarani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuchorewa mpango huo. Kila mtaa una duka lililopakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda kuanzia msingi hadi paa. Mwenye duka amepata rangi ya bure na kibao chenye jina lake, limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya nembo. Kampuni imepata ukuta. Wote wameridhika, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Tofauti inaanza pale ukuta unapokuwa wa umma, maana hapo anayesaini si yule atakayesimama juani.

Kibanda cha namna hii ukikitazama kwa karibu utaona kimebuniwa kwa akili. Bango, ambalo Ulaya kwa kawaida lina upana wa sentimita 120 na urefu wa karibu 176, halikai nyuma ya benchi. Linakaa ubavuni, na ubavu wenyewe ni ule wa mbele, upande ambao basi linaelekea likiondoka. Ule mwingine, ambao basi linatokea, huachwa wazi au huwekwa kioo kitupu ili abiria aone namba ya basi lake likiwa bado mbali. Bango lina taa ndani, kwa hiyo usiku kibanda kizima kinapata mwanga ambao hakuna halmashauri iliyoulipia. Na kwa kuwa tangazo lililo nyuma ya kioo kichafu haliuziki, kuna kijana anayepita na gari dogo, ndoo na mpira wa maji, akikisugua kioo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya mpango mzima. Sote tumeviona vibanda vilivyofunguliwa kwa utepe na hotuba, ambavyo baada ya miaka michache vimebaki nguzo nne. Bati limeng'olewa na benchi limeondoka na wenyewe. Serikali nyingi zinajua kujenga. Zinazojua kuosha ni chache. Decaux aligundua njia ya kumfanya mtu aoshe kila wiki bila kukumbushwa, kwa sababu asipoosha anakula hasara yeye mwenyewe.

Lakini litazame tena lile bango la ubavuni na ujiulize linamtazama nani. Abiria aliyeketi analiona upande mmoja, kwa dakika chache, na keshaliona jana. Upande wa pili unaielekea barabara, wanakopita wenye magari kwa maelfu, na hao ndio mnunuzi wa tangazo anaowatolea pesa. Kibanda kimejengwa kwa jina la anayesubiri basi, na bei yake imepangwa kwa macho ya asiyepanda basi. Sehemu kubwa ya yaliyoikuta Los Angeles inatokana na hapo.

Mkataba wa Los Angeles ulisainiwa mwishoni mwa 2001 na ubia wa kampuni mbili, moja ya Marekani na nyingine hiyo ya Decaux. Kampuni ingeweka vibanda vipya 1,285, ingevikarabati vya zamani, na juu ya hapo ingelipa jiji mamilioni ya dola kwa kipindi cha miaka 20. Mwaka 2012 mdhibiti wa hesabu wa jiji, Wendy Greuel, alitoa ripoti ya ukaguzi wa muongo wa kwanza. Vibanda vipya vilivyokuwa vimesimama vilikuwa kama nusu ya vilivyoahidiwa, na jiji lilikuwa limekosa zaidi ya dola milioni 20 ambazo zingeingia iwapo vingejengwa vyote kwa wakati.

Hapa ni rahisi kumtupia lawama tajiri, lakini kampuni ilikuwa na kisa chake cha kusimulia. Kila kibanda kilipaswa kupita idara kadhaa na mwishowe ofisi ya diwani wa eneo. Diwani alikuwa akipigiwa simu na mwenye duka asiyetaka kibanda kifunike dirisha lake, au mwenye nyumba asiyetaka bango linalowaka usiku mbele ya chumba cha kulala, au mama wa jirani aliyeamini kwamba benchi litaleta wasio na makazi. Simu tatu zilitosha. Kwa hiyo mitaa ya wenye nacho ilivikataa vibanda kwa sababu vinachukiza macho, nayo kampuni haikuwa na haraka ya kuvipeleka mitaa ya pembeni kwa sababu magari yanayopita huko hayavutii mnunuzi wa matangazo. Vikabaki vya kugombewa vituo vya barabara kubwa za biashara. Yule mfanyakazi wa usafi anayebadili mabasi mawili kufika kazini alisubiri kwenye nguzo tupu, katika mtaa usio hata na mti. Kuna kinyozi mmoja wa Cypress Park aliyechoka kuwatazama wazee wakiungua nje ya duka lake, akatandaza turubai na kuweka viti. Jiji lilimwamuru aviondoe, maana hakuwa na kibali.

Hebu sasa tulijadili dai kubwa zaidi, kwamba matangazo haya yanalipia usafiri wa umma. Dai hilo hutolewa kila mara nauli inapotaka kupanda, na huwa na mvuto: badala ya kumkamua abiria, mkamue muuza manukato. London inatupa kipimo kizuri, kwa sababu mamlaka yake ya usafiri, Transport for London, inasimamia chini ya mwavuli mmoja mabasi, treni za chini ya ardhi na vibanda vingi vya abiria, na inauza matangazo kila inapoweza: kuta za ngazi za umeme, ubavu wa mabasi, ndani ya mabehewa. Kabla ya janga la korona matangazo yote hayo yaliiingizia karibu pauni milioni 150 kwa mwaka. Nauli ziliingiza karibu bilioni 5. Kwa kila pauni 100 zilizotoka mfukoni mwa abiria, matangazo yaliongeza kama tatu. Na hiyo ni London, mojawapo ya miji ambayo nafasi za matangazo zinagombewa kuliko mahali pengi duniani. Pauni milioni 150 si za kutupa. Zinanunua mabasi mengi kila mwaka. Lakini mtu anayesema mabango yatapunguza nauli hajaiona hesabu hii, au ameiona na anakuuzia kitu.

New York ina somo jingine, la nani hasa anazipokea fedha. Mwaka 2006 jiji liliingia mkataba wa miaka 20 na Cemusa, kampuni ya Kihispania, wa kuweka vibanda vya abiria vipatavyo 3,300, vibanda vya magazeti na vyoo 20 vya umma, huku jiji likiahidiwa mapato ya zaidi ya dola bilioni moja. Vibanda vilijengwa. Vyoo, ambavyo kila mtaa ulikuwa na sababu ya kuvikataa, vilikaa ghalani Queens kwa miaka, vichache tu vikapata pa kusimama. Fedha nazo ziliingia mfuko mkuu wa jiji. Mabasi ya New York, lakini, ni ya MTA, chombo cha jimbo, si cha jiji. Njia ya miguu ni ya huyu, basi ni la yule, na dola inayotoka kwenye bango la kituo haina njia ya kufika kwenye tangi la mafuta. Los Angeles ni hivyohivyo: njia za miguu ni za jiji, mabasi mengi ni ya mamlaka ya kaunti.

Sisi tumegawanyika zaidi yao. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa kaunti, barabara kuu zina mamlaka zake za kitaifa, na matatu ni za watu binafsi waliojiunga katika sako. Ukimwambia mwenye matatu kwamba bango la kituoni linachangia usafiri wa umma, atakuuliza ni usafiri wa umma gani huo, kwa kuwa mafuta ananunua mwenyewe. Nairobi ilikwisha kupita njia inayofanana na hii. Mwaka 2002 Esther Passaris alianzisha mradi wa Adopt-A-Light, ambao makampuni yalilipia matangazo kwenye nguzo za taa na mapato yake yakatumika kuwasha barabara zilizokuwa giza totoro. Taa ziliwaka, hilo hakuna anayelibisha, na baadaye milingoti mirefu ya taa ilipelekwa mpaka mitaa ya mabanda. Kilichofuata ni mvutano mrefu na baraza la jiji juu ya mkataba, ukaishia mahakamani. Jiji lililokuwa limeshindwa kununua balbu liligundua kwamba nguzo zake zina thamani.

Ningeomba wapangaji wa Dar es Salaam waitazame tofauti moja ambayo haimo katika vitabu vya Ulaya. Kwenye kituo cha daladala, bango linatazamwa na wenye magari kama kule Los Angeles. Lakini katika vituo vya mabasi ya mwendokasi, vilivyoanza kazi mwaka 2016, abiria amekwisha kulipa, ameingia ndani, amesimama katikati ya barabara akisubiri, na jioni Kimara au Gerezani anasubiri kwa muda wa kutosha kusoma tangazo lote mpaka namba ya simu iliyo chini. Hapo kinachouzwa ni macho ya abiria mwenyewe. Thamani ya bango inapanda pale watu wanapokuwa wengi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza faida ya muuza matangazo na haja ya abiria zinaelekea kituo kilekile. Kuna hatari yake, bila shaka: anayepata faida kwa abiria kusubiri hana sababu ya kuomba mabasi yaongezwe. Ila huyo si yeye anayepanga ratiba, na ni bora asipewe kamwe nafasi hiyo.

Nini kiruhusiwe kubandikwa ni mjadala mwingine, nao ni mfupi kuliko unavyofanywa. Februari 2019, London ilipiga marufuku matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi katika mtandao wake wote wa usafiri. Wenye biashara walitabiri kwamba mapato yangeporomoka. Hayakuporomoka, kampuni zilezile zilileta matangazo ya bidhaa zao nyingine, na watafiti waliofuatilia manunuzi ya kaya walikuta vyakula hivyo vinanunuliwa kidogo kuliko ambavyo ingetarajiwa. Kwa hiyo mji unaweza kuwa na masharti. Kwetu ningeanza na kamari. Kumwekea kijana asiye na kazi tangazo la kubeti kwenye kituo anachosubiria basi la kwenda kutafuta kibarua ni jambo ambalo halmashauri haina sababu ya kulikubali hata kwa bei nono.

São Paulo ndiyo iliyocheza karata hii kwa ustadi zaidi, pengine bila kukusudia. Sheria ya Cidade Limpa, iliyoanza kutumika Januari 2007 chini ya meya Gilberto Kassab, iliondoa mabango yote ya nje: ya juu ya maghorofa, ya kuta, ya kando ya barabara, maelfu kwa maelfu. Jiji likabaki na fremu tupu za chuma na kuta zenye viraka vya rangi ya zamani. Baada ya miaka michache ya ukimya huo, mwaka 2012, jiji liliruhusu matangazo yarudi sehemu mbili tu: kwenye saa za barabarani na kwenye vibanda vya abiria. Kwa kuwa hakukuwa tena na mahali pengine pa kutangaza nje, sehemu hizo mbili zikawa lulu, na waliozipata walikubali kubadilisha maelfu ya vibanda vichakavu. Sisi hufanya kinyume. Barabara moja ya Dar au Nairobi ina bango kila baada ya hatua kadhaa, juu ya bango kuna bango, halafu tunashangaa mbona mwekezaji wa vibanda hapandi dau. Kwa nini apande? Mlango wa pili atapata ukuta kwa bei ya chai. Halmashauri inayotaka kivuli kutoka kwa matangazo lazima kwanza ing'oe mabango, na kung'oa kunaumiza, kwa sababu kila bango lina mwenyewe na mwenyewe ana mtu ofisini.

Los Angeles ilipomaliza mkataba wake wa zamani mwishoni mwa 2021, iliupindua mpango. Katika utaratibu mpya, ambao madiwani waliupitisha mwaka 2022, vibanda ni mali ya jiji. Kampuni inaviendesha, inavisafisha na kuuza matangazo, lakini haichagui vikae wapi. Orodha ya vituo inapangwa kwa joto la mtaa, idadi ya abiria na uhaba uliopo, na lengo ni vibanda 3,000. Bango la barabara yenye pesa linalipia paa la barabara isiyo na pesa, nalo paa hilo haliulizwi limeuza nini. Ubaya wake ni kwamba mwenye mali ndiye anayetoa mtaji. Decaux alitoa mtaji wake mwenyewe mwaka 1964, na ndiyo maana meya wa Lyon hakuwa na la kufikiria. Los Angeles ililazimika kutafuta mamilioni kabla ya tangazo la kwanza kubandikwa, na vibanda vimeanza kusimama kwa kusuasua.

Bado naona imelipia kitu cha maana, nacho ni ramani. Kama ningekuwa kwenye meza ya zabuni ya halmashauri yoyote ya kwetu, asilimia ya mapato ningeijadili mwisho kabisa. Ningeanza na orodha ya vituo, kimoja kimoja kwa jina, ikiwa imeambatanishwa kwenye mkataba, pamoja na faini ya kila mwezi kwa kila kituo cha pembeni ambacho hakijapata paa wakati mabango ya barabara kuu tayari yanawaka. Ningeongeza kipengele cha upande wetu pia: kibali kisipotoka ndani ya siku kadhaa, kihesabike kimetoka, maana tumeona Los Angeles nani aliyekikalia. Na muda ningeupunguza. Mkataba wa 2001 ulisainiwa kabla ya simu za kugusa, ukapita mikononi mwa mameya watatu, na hata baada ya ukaguzi wa 2012 kuonyesha umeyumba, jiji lilikuwa na karibu miaka kumi mingine ya kuishi nao. Mpya ni wa miaka 10. Muuza matangazo atalalamika kwamba hiyo haitoshi kurudisha mtaji wake, na malalamiko hayo yangekuwa ya haki kama mtaji ungekuwa wake.